Jiwe la Upande wa Kusini

Skalná Lhota, 2 Novemba 1993

Shemeji Radovan,

Leo ni siku ya kuwakumbuka wafu. Nimewasha mishumaa minne kwenye kaburi la Oldřich, upepo umezima mitatu. Nilikuona siku ya mazishi. Ulisimama pale kwenye geti la makaburi, kofia mkononi, na kabla padri hajamaliza ulikuwa umekwenda. Majirani waliniuliza yule bwana ni nani, nikawaambia ni mdogo wake marehemu, anawahi treni. Miaka sita hamkusemezana, halafu hata mimi ukashindwa kunipa mkono. Haya, limepita.

Nakuandikia kwa jambo moja. Desturi ya chama chenu cha bustani za mawe na maua ya milimani unaijua kuliko mimi, wewe ndiye mhariri wa jarida lake. Mwanachama akifa, kwenye onyesho la Mei huwekwa mezani mmea mmoja aliouotesha mwenyewe. Haushindanishwi, na badala ya namba huchomekwa lebo nyeupe yenye jina lake tu. Nataka Oldřich awekewe lebo nyeupe.

Najua alifukuzwa. Najua na aliyemfukuzisha. Lakini kwa miaka thelathini aliotesha mbegu, akagawa miche bure kwa kila aliyegonga mlango, hata kwa wale ambao baadaye waliinua mkono afukuzwe. Wewe ukisema awekewe, hakuna atakayekupinga. Wanakuogopa.

Bustani iko vile vile alivyoiacha. Nyuma ya banda kuna vyungu vya mbegu arobaini na kitu, vingi naona ni changarawe tupu. Nafikiria kuvimwaga nipate nafasi ya kuni.

Hedvika


Brno, 14 Novemba 1993

Shemeji,

Usimwage hata chungu kimoja. Umeishi na mwanamume yule miaka thelathini na moja na hujui hili? Mbegu za milimani hazioti mpaka zionje sakitu, ile baridi ya kugandisha. Zipo zinazotaka baridi moja. Zipo nyingine, za maua ya msituni, mwaka wa kwanza hutoa mzizi tu chini kwa chini, na jani huja mwaka wa pili. Katika watu wa kazi hii kosa la kijinga si kuua mmea. Ni kumwaga chungu kilichokuwa kinasubiri. Weka kuni zako mahali pengine.

Sasa hilo la lebo. Jibu ni hapana, na nitakueleza kwa nini, maana sitaki useme nimejificha nyuma ya kanuni.

Mei 1987 nilikuja kwenu kula keki ya sikukuu ya kijiji. Nikatoka uani kuvuta sigara. Katika lile hori la mawe alilokuwa akilishia nguruwe babu yetu, nikaona koniklec, lile ua la manyoya ya shaba ambalo likifunguka ndani ni jeupe kama kikombe cha maziwa. Shingo la mmea lilikuwa nene kama kidole gumba changu. Shingo kama lile halipatikani kwa miaka mitatu ya chungu. Huo ulikuwa mmea wa miaka ishirini. Na kulizunguka shingo kulikuwa na changarawe nyeusi inayometameta. Kijiji chenu chote ni mawe mekundu, Hedvika. Changarawe ile iko sehemu moja tu katika milima yetu, Kamenná Stráň, ambako ua hilo lilikuwa limebaki mashina matatu. Nilipokwenda kuhesabu, nikakuta mawili na shimo.

Nikaandika makala. "Waheshimiwa Wezi." Sikumtaja jina, niliandika "mkulima mmoja wa vilimani, mwenye hori la mawe na dhamiri ya mawe". Kila mtu akajua. Chama kikamwita ajitetee, akaja, akakaa, hakusema neno, wakapiga kura. Mtu asiye na hatia hukohoa angalau. Yeye hakukohoa.

Nimepigana na wakata miti, na wajenzi wa njia za kuteleza thelujini, na maprofesa wanaochimbua mmea ili wauandikie kitabu. Siwezi kumsamehe ndugu yangu lile nisilomsamehe profesa. Ningekuwa nani?

Kama unataka kumsafisha, rudisha mali ya wizi ilikotoka.

Radovan Hanzlík


Skalná Lhota, 9 Januari 1994

Shemeji Radovan,

Vyungu viko salama chini ya theluji. Kuni nimezihamishia bafuni. Ukija kuoga kwangu utajua uliyoyataka.

Umeniandikia kurasa tatu kama vile mimi ni mkutano wa hadhara. Mimi nakujibu habari za jikoni.

Kila mwaka siku ya onyesho lenu, Oldřich aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa ile suti ya kahawia ya harusi ya mtoto wa jirani yetu Bedřich. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Basi la saa moja na dakika kumi likapita, akalitazama mpaka lilipopinda kona. Kisha akavua suti, akaitundika, akavaa buti, akaenda bustanini. Mara sita nimeyaona haya. Mwaka wa kwanza nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Najaribu kama bado inanienea."

Na kila Septemba alibeba mkoba wa mgongoni, akapanda milimani peke yake kutafuta uyoga. Alirudi giza likiingia na mkoba mtupu. Mwanamume anayejua kila shina la mti kule asipate uyoga hata wa supu. Nilidhani ana mwanamke juu huko. Kuna siku nilitamani awe naye kweli, angalau kuna mtu angekuwa anaongea naye.

Hakuwa na uchungu na wewe. Ulipochapishwa katika gazeti la mjini alilikata, akaliweka ndani ya kitabu cha mapishi, mahali ambapo nilikuwa lazima nilione. "Bado anauma," alisema. Nilivyosikia mimi, alikuwa anajivuna.

Sikuombi umsamehe. Nakuomba lebo.

Hedvika


Brno, 20 Februari 1994

Shemeji,

Nimeisoma barua yako mara nne na sasa ile suti ya kahawia inaning'inia katika chumba changu. Umefanya makusudi. Wanawake wa Lhota wangekuwa maspika wa bunge, nchi ingekaa kimya ikalia.

Lakini suti si hoja. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba wezi wakubwa wa dunia hii walikuwa watu wa huzuni nzuri, waliokaa madirishani. Lile hori bado liko uani kwenu, na mlimani bado kuna shimo. Mimi nimejenga jina langu juu ya jambo moja: mmea una kwao. Nikimwekea lebo nyeupe mtu mwenye mmea wa wizi uani, kesho kila mwenye sepetu ndogo atanitupia ile lebo usoni, na atakuwa na haki.

Basi nakupa njia. Urudishe. Ukirudishwa Kamenná Stráň, pale pale ulipotoka, nitafikiri. Sisemi nitakubali. Nitafikiri. Subiri theluji ianze kulegea.

Radovan


Skalná Lhota, 17 Aprili 1994

Shemeji Radovan,

Nimeurudisha.

Jumatano nilichukua basi mpaka kituo cha mwisho, nikapanda kwa mguu. Theluji ilikuwa ya magoti msituni, huko juu imebaki viraka. Koniklec nilimbeba ndani ya ndoo ya maziwa, nimemzungushia gunia. Vichomozi vya maua vilikuwa vimeshatoka, vitano, vimevaa manyoya kama vifaranga. Kumtoa kwenye hori ilinichukua asubuhi nzima. Mzizi ulishuka moja kwa moja ukapita katika tundu la chini, ukaingia ardhini. Ukakatika. Nilisikia ulivyokatika.

Nimempanda kando ya mwamba uliopasuka, ambapo shimo lilikuwa. Sikuhitaji kumwuliza mtu njia.

Nimefanya ulichotaka. Sasa fikiri.

Hedvika


Brno, 3 Mei 1994

Hedvika, shemeji yangu,

Nilikwenda mwenyewe Kamenná Stráň. Nikuambie ukweli, sikukuamini. Nilikwenda nikiwa na kalamu na daftari, na kichwa cha makala nilikuwa nimeshakitunga kwenye treni.

Ule mmea umekufa. Nimeukuta mweusi kando ya mwamba, vichomozi vyote vitano vimelala. Mmea mzee wa aina ile hauhamishiki. Hilo nalijua tangu nina miaka kumi na miwili, na lilikuwa kichwani mwangu nilipokuandikia mwezi wa pili uurudishe. Nilitaka kushinda. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Lakini subiri. Nilikaa pale juu ya jiwe nikavuta sigara, nikatazama juu, hatua kama arobaini hivi, nikaona weupe. Nikadhani theluji. Nikapanda. Ni koniklec, Hedvika, wamefunguka, kumi na tisa. Mlimani ambako niliacha mashina mawili tu, na hayo sijayahesabu humo.

Mwanzoni nilifurahi kama mjinga, kwamba mlima umejiponya. Kisha nikaona wamekaa kwenye mstari. Mlima haupandi kwa mstari. Kati ya shina na shina palikuwa na urefu wa sepetu moja, ule ule, mara kumi na nane. Nikapiga magoti. Kando ya shingo la kila mmea, upande wa kusini, kulikuwa na jiwe bapa dogo, limechomekwa wima kidogo, kukinga jua mzizi ubaki wa baridi.

Baba yetu ndiye aliyetufundisha jiwe lile. Sijaona mtu mwingine yeyote anaweka hivyo, wala mimi sikuwa na subira ya kuliweka. Baba alikuwa ananipiga kwa jambo hilo. "Tazama kaka yako," alikuwa akisema, na Oldřich aliweka jiwe lake kisha akaja kuweka langu kwa siri, nisipigwe tena.

Hizo ndizo safari za uyoga. Kila Juni alivuna mbegu za ule mmea, akaziotesha, na Septemba ya mwaka uliofuata akapeleka miche mlimani. Miaka sita alilipa, na mimi miaka sita nilikuwa naandika.

Awekewe lebo nyeupe. Onyesho ni Jumamosi tarehe 14. Nitasimama niseme hadharani: ndugu yangu aliiba shina moja akarudisha kumi na tisa, na nani kati yetu amefanya hivyo. Nitumie chungu chochote alichokiotesha.

Radovan


Skalná Lhota, 7 Mei 1994

Radovan,

Usiseme hivyo. Hakuiba.

Niliuchimbua mimi. Aprili 1986, alikuwa anatimiza miaka hamsini. Majira yote ya baridi alikuwa anafungua kitabu ukurasa ule ule, wenye picha ya ua lile, mpaka kitabu kikawa kinajifungukia chenyewe. Nilimwambia nakwenda kumwona dada yangu. Nikapanda basi mpaka kituo cha mwisho. Nilichukua kijiko kikubwa cha kupikia na kisu cha mkate. Mzizi ulikuwa mfupi bado kwa sababu ulikuwa umekaa kwenye ufa wa mwamba. Nilikuwa najivunia nilivyoutoa mzima. Nilimwambia nimeununua soko la Jumapili kwa mzee mmoja mgeni.

Aliupokea kwa mikono miwili. Akaenda kuuosha mizizi bombani, akakaa sana. Nilidhani anafurahi. Aliporudi alikuwa na changarawe nyeusi kiganjani, akaitazama, akanitazama, akaitia mfukoni. Akasema, "Asante, Hedvika. Hujawahi kunipa kitu kizuri hivi." Kisha akatandaza changarawe ile ile horini. Angeweza kuitupa. Hakutaka kuuficha mmea ulikotoka.

Kwa hiyo alijua tangu siku ya kwanza. Na mimi nilijua kwamba anajua. Hatukulisema.

Makala yako ilipokuja aliisoma amesimama. Mimi nilikuwa namenya viazi. Alimaliza, akaikunja, akakaa mbele yangu, akasubiri. Radovan, alinisubiri. Namenya viazi, kimoja, cha pili, sufuria ikajaa, nikaendelea kumenya. Mwishoni akasema, "Viazi vingi mno hivyo kwa watu wawili." Wiki iliyofuata akaenda kwenye kikao chenu akakaa kimya. Wewe uliona mtu asiyekohoa. Alikuwa ameniachia mimi nafasi ya kusema, na bado anaishikilia.

Wewe ulikuwa na haki kuhusu wizi. Kuhusu mwizi, hukuuliza. Ungeniuliza mimi siku ile uani, na sigara yako, pengine ningekuambia. Au pengine ningekuongezea keki.

Lebo ile niliiomba kwa ajili yake na kwa ajili yangu, nipate kulala. Sasa naona haiwezi kuwa ya wote wawili. Sema jina langu. Usilainishe.

Nimempa dereva wa basi chungu, atakifikisha kituoni Brno kesho. Ni mbegu za mwisho alizopanda, Agosti, tayari anapumua kwa shida. Zilikuwa zimekauka kidogo. Ni changarawe tupu, hakijaota kitu. Lakini jiwe ameshaliweka.

Hedvika


Brno, 16 Mei 1994

Shemeji,

Nitakueleza onyesho kama lilivyokuwa, bila kupamba.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa na sakitu, kama kawaida ya siku zile tatu za katikati ya Mei ambazo wazee huziita za watakatifu wa barafu. Watu walikuja na makoti, wamekumbatia vyungu. Nilikiweka chungu cha Oldřich katikati ya meza ndefu, kati ya maua ya waridi ya mwanamke wa Olomouc na vichuguu vya majani ya kijani vya daktari wa meno. Lebo niliiandika kwa wino. Oldřich Hanzlík, 1936–1993.

Kwenda kuchukua hotuba kwenye koti nililolitundika na kurudi, dakika tano, chungu hakipo. Nilikikuta chini ya meza pamoja na ndoo na matambara. Yule mama wa Olomouc alikiondoa. Alidhani kuna mtu amesahau chungu kitupu. Aliniomba radhi, mtu mwema, akauliza ndani kuna nini. Nikakirudisha.

Saa tano nikapanda jukwaani. Nikasoma. Nilisema nimeandika uongo mwaka 1987. Nilisema aliyechimbua mmea ule ameniambia mwenyewe na si ndugu yangu, na kwamba ndugu yangu aliurudishia mlima mashina kumi na tisa, na kwamba nilimhukumu kwa changarawe bila kumwuliza swali moja. Nilitarajia kelele. Nimezoea kelele, Hedvika, kelele ni chakula changu. Nilitaka mtu asimame anitukane.

Mzee Vavřín, aliyekuwa mwenyekiti wakati ule na ndiye aliyehesabu mikono, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akaniuliza, "Hanzlík yupi?"

Nikasema kaka yangu. Wa Lhota. Mliyemfukuza.

Akafikiri kwa heshima kabisa. "Tulimfukuza?" akasema. "Basi mbona hakurudi mwaka uliofuata? Tungemrudisha." Na nyuma huko wakaanza kwenda, kwa sababu saa tano na robo meza za kuuza hufunguliwa, na mtu akichelewa miche mizuri imekwisha.

Niliwauliza watu kumi na wawili baada ya hapo, mmoja mmoja, kwenye foleni ya supu. Wawili waliikumbuka makala. Mmoja alikumbuka ilikuwa na maneno makali na kwamba ilimchekesha. Hakuna aliyekumbuka inamhusu nani.

Alikuwa anavaa suti kwa ajili ya hawa. Mlango ulikuwa wazi miaka yote sita.

Jina lako sikulitaja. Nilifika kwenye mstari ule nikauruka. Sikuweza kuwapa na wewe. Nakurudishia chungu kwa dereva yule yule.

Radovan


Skalná Lhota, 29 Mei 1994

Shemeji Radovan,

Chungu kimefika, dereva alikiweka kiti cha mbele akakifunga mkanda.

Uliuruka mstari. Najua ulinihurumia. Lakini hiyo ndiyo huruma aliyonifanyia Oldřich, na umeona ilikotufikisha. Nimechoka kulindwa na wanaume wa Hanzlík. Karatasi hii ya pili ni ya jarida lako la Juni. Wewe ni mhariri, ichapishe ukurasa wa kwanza, pale makala yako ilipokaa. Usiongeze neno, usipunguze, wala usiiwekee maelezo chini yake. Hata kama watakaoikumbuka ni wawili.

"Mimi, Hedvika Hanzlíková wa Skalná Lhota, ndiye niliyechimbua koniklec wa Kamenná Stráň mwezi Aprili 1986. Mume wangu alijua, akanyamaza. Mimi nilijua, nikanyamaza. Yeye sasa hawezi kusema."

Chunguni bado hakuna kitu. Umenifundisha kwamba nisimwage, kwamba nyingine husubiri baridi ya pili, basi sitamwaga. Nimekiweka mahali pa hori.

Njiani kilizunguka, jiwe likawa limeelekea kaskazini. Nimeligeuza.

Hedvika